Nusu Niliyoikataa

Keko, Jumamosi mchana

Mwanangu Atu,

Barua hii nitaiweka chini kabisa ya begi lako dogo, chini ya zile kanga mbili ulizopewa na mama yako, ili usiikute kabla hujapita Morogoro. Najua unavyopekua. Ukiikuta mapema nakuomba uikunje tena usubiri, maana ukiisoma ungali stendi ya Mbezi utashuka kwenye basi, na mimi sitaki ushuke. Nataka ufike Mpanda ukaanze kazi yako.

Naandika nikiwa karakana. Umeme umekatika tangu saa nne, Keko nzima imenyamaza, na mafundi wenzangu wamejilaza juu ya mbao zao. Nyumbani Tandika kumejaa majirani na ndugu waliokuja kukuaga, hakuna hata kona ya kukaa na kalamu. Wewe uko kanisani, wanakwaya wanakuombea safari. Kwa hiyo nimepata saa mbili tatu za kuwa mwoga peke yangu, halafu nitarudi nyumbani nicheke na watu.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na kutomkopesha mtu mshahara wa kwanza mama yako ameshakueleza mara nne, na ya tano atakueleza kesho gari likiwa limewashwa. Mimi siongezi neno hapo. Ninalo jambo moja tu, la ukumbi wa harusi yako, na nimelikwepa kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Unadhani habari ya ukumbi unaijua yote. Unajua nilichokubali ujue.

Nianzie kwa Mwasomola, kwa sababu bila yeye utaniona mjinga tu, na mimi nilikuwa mjinga lakini si mjinga tu. Nilipotoka Tukuyu na randa moja na msumeno, sikuwa na mtu Dar isipokuwa yeye. Alinipokea kwenye chumba chake Temeke, chumba kimoja, kitanda kimoja, tukawa tunalala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni kwa mwenzake. Miezi minane. Hakuniomba hata hela ya mkaa. Ulipozaliwa alikuja hospitali na mkungu wa ndizi begani, akapita nao getini akigombana na mlinzi, na alikubeba kabla hata shangazi yako Eliza hajakubeba. Kwetu mtu wa namna hiyo humwombi karatasi. Ukimwomba karatasi umemwambia kwamba ile miezi minane ulikuwa unaihesabu.

Aliuza saruji, akapata, akajenga ukumbi njia ya Pugu. Pazuri pale, unapakumbuka, isipokuwa nyuma kulikuwa na korongo. Nililiona korongo lile. Mimi ni fundi, macho yangu huenda kwanza kwenye kuta na kona, na niliona ukuta wa nyuma umekaa karibu mno na ukingo. Sikusema. Huwezi kuingia kwenye ukumbi wa rafiki yako ukaanza kuukagua.

Kamati ya harusi yako ilipoanza, shangazi yako Eliza ndiye aliyekuwa katibu. Umemzoea, yule amekuwa karani miaka thelathini, hata vitunguu akinunua anataka risiti. Michango ilipofika kiasi, nikasimama nikasema suala la ukumbi niachieni, mwenye ukumbi ni mtu wa nyumbani. Eliza akasema sawa, ila tulipe kidogo kidogo, na tuandikiane. Nikamcheka mbele ya watu. Nilimwambia amekaa ofisini mpaka ameanza kunuka wino. Watu wakacheka na mimi. Yeye akafunga daftari lake, akasema, "Kaka, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini wewe ndiye mkubwa."

Nikaenda na milioni tatu, zote kwa mkupuo mmoja. Mwasomola alikuwa anataka kumaliza dari kabla ya Pasaka, akasema nikimpa zote sasa hivi atanipunguzia laki tano. Nikampa. Tukanywa soda, tukaongea kilugha, tukashikana mikono. Nilirudi nyumbani najiona mjanja, nimeokoa laki tano. Mama yako akaniuliza risiti iko wapi, nikamwambia risiti ni Mwasomola mwenyewe.

Mvua ile ya masika unaikumbuka. Ukuta ulianguka Jumatatu usiku, na Jumanne asubuhi Mwasomola akanipigia simu. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na tatu kabla ya harusi yako. Nilipofika nilikuta ukuta wa nyuma haupo. Umekwenda korongoni pamoja na jiko na vyoo, na paa limebaki linaning'inia. Zile mbao mpya za dari zilikuwa zimevimba kwa maji. Mwasomola amekaa kwenye kiti cha plastiki na koti lake la mvua, peke yake katikati ya ukumbi. Nikampa pole. Akaniambia, "Ndugu yangu, hela yako ile pale," akanyoosha kidole juu kwenye dari.

Sikumkasirikia siku ile. Nakwambia ukweli, siku ile nilimwonea huruma tu.

Nilirudi nyumbani jioni nimelowa. Wewe na mchumba wako Gidion mlikuwa mezani mnaandika majina ya wageni kwenye kadi, anakutania kwamba mwandiko wako ni wa daktari na siyo wa nesi. Mama yako akaniuliza mbona umelowa hivyo, nikasema mvua. Nikaona nisikuharibie jioni yako. Jioni moja tu. Kesho yake kadi zilikuwa bado hazijaisha, na keshokutwa alikuja mama yake Gidion. Habari mbaya, mwanangu, ina siku moja tu ya kusemeka kirahisi, nayo ni ile ya kwanza. Ukiivusha siku hiyo, inabidi useme habari yenyewe na pia useme kwa nini ulinyamaza, na hiyo ya pili ndiyo nzito.

Kufikia hapa unajua. Eliza alilisema, wakwe walilisema, nililisema mwenyewe mbele ya kamati, kwamba nilificha siku tisa. Sasa nakueleza siku ya nne, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka mdomoni mwangu.

Siku ya tatu nilikwenda Mabibo, kuna ukumbi wa parokia kule, si mkubwa lakini una paa na una kuta nne. Siku zile, unajua mwenyewe, Kwaresma ikiisha watu wote walioahirisha ndoa wanagombania kumbi, nilikuwa nimeshazunguka nyingine sita nikiambiwa zimejaa. Pale Mabibo kulikuwa na mtu ameghairi. Tarehe yako ilikuwa wazi. Laki nane. Mtunza ukumbi, mzee mmoja mpole, akaniambia, "Nakushikia hadi Jumamosi, baba, zaidi ya hapo nitalaumiwa." Sikuwa nazo. Hela ya kamati iliyobaki ilikuwa mikononi mwa Eliza, na kumwomba Eliza ni kumwambia kila kitu.

Siku ya nne, Ijumaa, Mwasomola akaja hapa karakana. Alikuwa ameuza kirikuu chake, kile alichokuwa anabebea saruji. Akatoa bahasha ya kaki akaiweka juu ya meza yangu ya kazi. Tulikuwa familia tano tuliolipia tarehe tofauti, na hela ya gari haikututosha sote, hivyo alikuwa anamrudishia kila mmoja nusu mpaka ziishe. Alianza na mimi. Nataka ulijue hilo, alianza na mimi.

Kisha akatoa karatasi. Imechapwa vizuri, kuna mtu wa stationari alimtengenezea. Imeandikwa kwamba nimepokea milioni moja na nusu na sitamdai tena.

"Saini hapa, Baba Atu. Wengine bado sijawaambia."

"Karatasi?" nikamwuliza. "Mie na wewe, karatasi?"

"Siyo mie. Nimeambiwa nisimpe mtu hela bila saini, wataniburuza mahakamani wote watano."

"Mimi ndo nitakuburuza mahakamani?"

Alikuwa amechoka, alikuwa hajanyoa, na mimi niliona karatasi tu. Miaka yote nilijizuia kumwomba karatasi kwa heshima ya kile chumba cha Temeke, nikamdhalilisha dada yangu mbele ya kamati kwa sababu hiyo hiyo, na sasa yeye ndiye anakuja na karatasi. Nikaisukuma bahasha. Ikaanguka chini kwenye unga wa mbao. Nikamwambia, "Kalete hela yangu yote, bila karatasi. Nusu kawape wasiokujua."

Akainama, akaiokota, akaipangusa kwenye suruali. Akasema, "Haya, ndugu yangu." Akaondoka. Kufikia kesho yake mchana familia ya Gongo la Mboto ilikuwa imeshasaini, na mbili nyingine, na hela ya kirikuu ikawa imeisha. Jumamosi hiyo hiyo jioni yule mzee wa Mabibo alinipigia simu mara mbili. Sikupokea.

Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa hasira ya karatasi peke yake. Ningependa iwe hivyo, maana hasira inasameheka. Lakini nikiwa mkweli, nilitaka hela yote irudi kwa sababu ingerudi yote, kosa langu lisingejulikana. Ningelipa kwingine, ningewaambia nimebadilisha ukumbi, nimepata pazuri zaidi, na Eliza angekosa la kusema. Nusu ingenilazimu nieleze. Bibi yako alikuwa akisema heri nusu shari kuliko shari kamili, nami nilikuwa nayasikia maneno hayo tangu nikiwa mtoto, nikachagua shari kamili ili nisionekane nimekosea.

Siku ya tisa shangazi yako akampeleka mpambaji akapime vitambaa vya ukumbini. Wakakuta mbuzi wamelala pale palipokuwa na ukuta.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako. Nakumbuka kile kikao na wakwe, sebuleni kwetu, mwalimu baba yake Gidion na miwani yake, hakupandisha sauti hata kidogo. Aliniambia, "Mzee mwenzangu, ukumbi kuanguka ni mvua. Siku tisa ni wewe." Wakasema harusi isogezwe, tuangalie baada ya mvua. Kanisani mlikuwa mmeshatangazwa Jumapili mbili. Ile ya tatu mchungaji aliruka majina yenu akaendelea na wengine, na wewe uliimba kwaya mpaka mwisho wa ibada. Nilikuwa benchi la nyuma. Nilikuangalia na sikuweza kuimba.

Hata hivyo, Atu, harusi ilikuwa haijafa. Ilikuwa imesogezwa. Niliyeiua ni mimi, na siyo siku ile ya ukuta, wala siku ile ya bahasha.

Mwasomola alikuwa ameanza kusemwa vibaya kila mahali, kwamba amekula hela za harusi. Kwenye msiba mmoja huko Mbagala akajitetea. Akasema mimi alinipa nusu siku ya nne na nikaikataa. Maneno yakatembea, yakafika Kimara kwa kina Gidion. Wengine nyumbani kwao wakageuza, wakasema basi nilipokea na kuila. Gidion hakusema hivyo. Gidion alikuja.

Ilikuwa Jumapili mchana. Wewe ulikuwa jikoni unasukuma chapati. Alikaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, akanipa shikamoo, akanywa chai nusu kikombe. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Baba, naomba nikuulize neno moja. Ukisema hapana, naamini hapana, na nyumbani nitawanyamazisha. Wanasema Mzee Mwasomola alikuletea nusu ya hela ukaikataa. Ni kweli?"

Kijana alikuwa ameniwekea mlango wazi. Hata ndiyo angeipokea, naamini hivyo leo. Alitaka kitu cha kwenda nacho kwa baba yake. Ningesema ndiyo mwanangu, nilikataa, nilikuwa na hasira, nisamehe, tungekaa tukatafuta la kufanya sisi watatu. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo, kwamba sikusema uongo. Nilisimama nikamwambia, "Unanihoji mimi? Ndani ya nyumba yangu?"

Ukatoka jikoni mikono imejaa unga. Maneno yako ninayo yote.

"Gidi, baba yangu hajapewa hata shilingi. Angepewa angetuambia. Kama baba humwamini, mie unaniaminia nini?"

Yeye hakukuangalia wewe. Aliniangalia mimi. Akasubiri. Nakuapia alisubiri, muda wa kutosha mtu kusema neno moja. Mimi niliangalia televisheni, na ilikuwa imezimwa. Akaweka kikombe chini, akasema, "Haya, Atu. Nimesikia." Akaenda. Wewe ulirudi jikoni ukamaliza kusukuma, na ile chapati ya kwanza, iliyotoka laini, uliniletea mimi. Niliila.

Hilo ndilo jambo. Mengine yote katika barua hii nimeyaandika ili nipate njia ya kufika hapo. Ulimfukuza mtu aliyeuliza kweli, kwa kumtetea mtu aliyekuwa anaficha, na mtu huyo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwako akiwa na jibu mdomoni.

Baada ya hapo nilikwenda kuidai ile hela kwa nguvu zote, na sasa unaelewa kwa nini. Nilidhani nikiipata yote, ile nusu itakuwa haikuwahi kuwepo. Nilianza kwa mjumbe, nikaenda serikali ya mtaa, nikafika baraza la kata. Mama mmoja pale barazani akaniuliza risiti. Nikasema sina. Mkataba? Sina. Shahidi wakati unalipa? Nikasema tulikuwa wawili, mimi na yeye. Akaandika, akaniangalia juu ya miwani, akaniuliza na umri huu wote, baba? Mwasomola alipoitwa hakukataa hata kidogo. Alisema, "Ananidai. Sina." Wakampangia kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Mwezi wa kwanza hakuleta, wala wa pili. Kiwanja nani atanunua, na kila mvua korongo linameza hatua nyingine? Halafu sukari ikampanda, wakamkata mguu. Sasa anauza mkaa wa kopo pale alipokuwa anauza saruji. Kila Ijumaa naenda kumdai na narudi nimenunua mkaa. Mama yako ananiuliza mkaa wote huu wa nini na sisi tunapikia gesi.

Zile za kamati zilizobaki Eliza aliwarudishia watu. Za ukumbi nimewalipa wachache kwa viti na stuli, wengine walisamehe, wengine bado wananisalimia kwa kukunja uso. Kitanda nilichokuwa nawatengenezea ninyi wawili, cha mninga, nilikiuza kwa mtu wa Chang'ombe. Hukuwahi kukiuliza. Hukuwahi kuniuliza chochote, na hapo ndipo ninapokosa usingizi, kwa sababu najua hukuuliza kwa kuwa uliniamini.

Gidion ameoa mwezi uliopita. Nilikuona ulipoziona picha kwenye simu. Uliilaza simu kifudifudi ukaendelea kuchambua mchele. Tangu kazi ilipotangazwa na ukajaza kituo cha mbali kuliko vyote, mama yako analia kwa nini Mpanda, wakati Temeke kuna zahanati kibao. Mimi sikukuuliza kwa nini. Nilijua ni nani aliyefanya nyumba hii isikalike.

Utaniuliza mbona nimengoja mpaka kijana ameoa ndipo niseme. Nilikuwa nimepanga niseme Krismasi. Nikapanga tena niseme niliposikia anachumbia, na jioni hiyo nilikufuata hadi mlangoni kwako, nikakuuliza kama una kiberiti. Ukanipa kiberiti. Nadhani nilikuwa nasubiri mpaka ukweli usiwe na kazi tena, maana ukweli wenye kazi ungenitaka nisimame mbele ya mwalimu na mbele ya Gidion na mbele yako. Huu wa leo haunitaki chochote zaidi ya karatasi na mchana mmoja. Hata barua nakuwekea begini ili usiisome mbele yangu. Unaona mwenyewe, sijabadilika sana.

Sina haki ya kukushauri, ila mzazi hawezi kujizuia. Kule uendako utapata watu wa kuwapenda, na utawatetea, ndivyo ulivyo. Waulize kwanza. Uliza hata mtu kama mimi, hata akikasirika, hasa akikasirika. Na mtu akikuletea nusu ya kilichokuwa chako, ipokee, hata kama namna anavyoileta imekuudhi. Shangazi yako Eliza ana maneno mengi kuhusu kuandikiana, na yote ni ya kweli, mwombe akuandikie. Mimi sikumwomba radhi hadi wiki iliyopita. Aliniambia, "Kaka, mie nilishasahau," na najua hajasahau.

Nimalizie ya juzi. Alhamisi nilikwenda kwa Mwasomola, safari hii siyo kudai. Nilikwenda kumwambia unaondoka. Akamwita mkewe amletee kopo la maziwa wanaloweka hela ya mkaa, akalimwaga lote kwenye mkeka, noti za elfu moja moja na mbili mbili na sarafu. Akahesabu kwa vidole vyeusi. Zilikuwa elfu sabini na tano. Akasema, "Ni za Atu. Nilimbeba yule."

Nikazipokea kwa mikono miwili. Nikamwuliza nisaini wapi. Akasema, "Achana na hayo, ndugu yangu." Nikamwambia hapana, leo naandika. Mkewe akanipa daftari lao la wadaiwa wa mkaa, nikaandika kwenye mstari mtupu: nimepokea elfu sabini na tano, na sitadai tena. Nikasaini jina langu lote. Yeye akaangalia pembeni.

Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja Mbezi nikakukatia tiketi. Mama yako anadhani ni hela ya stuli. Sasa unajua ni hela ya nini. Katika ukumbi wote ule, hicho ndicho kilichorudi, na ndicho kitakachokupeleka mbali na mimi. Kijana wa tiketi alisema viti vya nyuma ni vya bei ndogo. Nilikataa, nikakuchukulia cha dirishani, mbele kidogo, upande ambao mchana hautapigwa na jua.

Mimi baba yako.